Saidi wa Kulia

Karatasi ilikuwa pana kama kanga.
Bwire akaitandaza juu ya pipa, akaigandamiza kwa nyundo
upepo wa Igogo usije ukaitupa ziwani.
"Breketi kumi na mbili, reli ya kivuko.
Fuata saidi."

Nikakata, nikachomea,
kutwa nzima namtafuta huyo Saidi.
Kiingereza kilisema ni Saidi wa kulia,
mchoro umemkalisha kushoto,
nami sikuuliza.
Mwanamke mmoja kwenye yadi ya wanaume
akiuliza mara moja,
ameuliza kwa niaba ya wote watakaokuja.

Jioni tukazijaribu kwenye reli.
Zote kumi na mbili zikageukia ukuta
kama watoto walioadhibiwa.
Bwire akanikata mshahara wa siku tatu,
akaikunja karatasi haraka,
haraka mno kwa mtu mwenye hasira tu.

Mwalimu Generosa hufundisha usiku, Mkuyuni,
nyuma ya duka la mbao.
Kipindi shilingi elfu; ukikosa, leta dagaa.
Hakuanza na sarufi. Alianza na boksi la sabuni:
akalichana pembe, akalilaza mezani, pande zote zikatutazama.
"Kitu ni kimoja. Anayehama ni wewe.
Vyu si vyuo, wala si vyuma.
Vyu ni pale uliposimama ukatazama."

Topu: wewe ni mwewe juu ya Kirumba,
unaona bati, hujui chini yake wangapi hawajalala.
Franti: wewe ni mgeni, ndiyo kwanza unapiga hodi.
Saidi: wewe ni jirani.

"Jirani wa kulia au wa kushoto?"
Akacheka. Akashuka kwa kidole hadi kona ya chini,
penye alama niliyodhani ni chapa ya kiwanda:
kikombe kimelala ubavu,
kando yake duara ndani ya duara.
"Kuna wachoraji wakikitazama kitu kulia, hukiandika kushoto.
Kuna wanaokiacha kulekule kulia.
Kabla hujasoma neno, Nyanjige,
soma kikombe."

Siku zangu tatu zilikuwa ndani ya kikombe kile.

Seksheni sikuhitaji kufundishwa.
Mama amepasua sangara Mwaloni miaka kumi na tisa;
mpaka kisu kipite, hakuna ajuaye uzito wa bondo.
A na A, mishale miwili:
kisu kimeingia hapa, kimetokea pale,
na mistari ya mshazari ndiyo nyama iliyokatwa.

Ila ile mistari ya vipandevipande
nilikwenda nayo hadi kitandani.
"Hideni," alisema Generosa.
"Kipo. Kina vipimo. Kinabeba mzigo.
Ila kutoka ulipo wewe, kimefunikwa."

Alhamisi ya tatu, mvua inapiga bati,
mlango ukasukumwa.
Kofia imeshushwa hadi kwenye nyusi,
chini ya kwapa karatasi imekunjwa mara nne.
Akaketi benchi la nyuma.
Sikugeuka. Kikohozi kile nakifahamu,
ndicho hutuamsha kazini baada ya chakula.

Mwalimu akauliza nani ana swali.
Mvua ikajibu kwanza.
Kisha Bwire, kwa sauti ambayo yadi haijawahi kuisikia:
"Samahani. Huyu Saidi..."

Darasa likaangua kicheko.
Mimi niliinuka nikahamia benchi lake,
nikaikunjua karatasi, bado ina alama ya nyundo,
nikamwonyesha kikombe kwa ncha ya penseli.

Alikitazama muda mrefu.
Miaka kumi na minne ya unyapara,
na kikombe kilikuwapo kila siku.

"Zile breketi," akasema hatimaye, bila kuniangalia,
"upande wa pili wa kivuko bado hauna reli.
Kule zitaingia."

Mshahara hakuutaja.
Nikauchora pembezoni mwa daftari,
kwa mistari ya vipandevipande.