Unakaa Wapi?

Mgeni akiniuliza, "Karani, unakaa wapi?"
mdomo hujibu: hapa hapa Newala, nyuma ya ghala la chama.
Mwili ungepewa ruhusa ya kusema
ungesema: kwenye kiti.

Ni kiti cha plastiki, cha buluu,
mguu mmoja umefungwa kwa mpira wa baiskeli.
Kimeshika umbo langu, nami nimeshika lake:
nikisimama ghafla, magoti hubaki yamekunjika kidogo,
yakingoja nirudi.

Msimu wa korosho naingia saa moja.
Wenzangu wako njiani tangu alfajiri,
gunia kichwani, gunia juu ya baiskeli inayosukumwa,
wanafika wanahema, wekundu kwa vumbi,
nami nimekaa. Mzani unasema, naandika.
Arobaini na mbili. Themanini na moja. Daraja la kwanza.
Chai naletewa. Chapati naletewa.
Kalamu ikianguka, yupo mtoto wa kuiokota.
Watu huiita heshima.

Jioni Chilumba ananipakia kwenye pikipiki:
hatua mia sita, shilingi mia tano.
Nyumbani nakaa nile, nakaa nisikilize taarifa ya habari,
nakaa nimweleze mke wangu jinsi nilivyochoka.
Na nilichoka kweli, ndilo lililonishangaza.
Uchovu usio na jasho,
kama deni la mtu nisiyemjua.

Mnada wa tatu, miguu ikaanza kuvimba.
Nesi Tekla akanifunga kile kitambaa mkononi,
akapuliza, akasoma, akapuliza tena,
kama anayedhani mzani umekosea.
Kisha tone la damu kidoleni.
Mimi ninayepima watu mwaka hadi mwaka
nikakaa kimya, nikisubiri daraja langu.

"Kazi yako?"
"Karani wa korosho."
"Korosho ukiianika usiigeuze, upande wa chini unakuwaje?"
"Unashika unyevu. Unaoza."
"Basi," akasema, akiandika, yeye mwenyewe amesimama,
"na wewe jigeuze."

Mtembea bure si sawa na mkaa bure.
Shuleni niliipatia alama zote methali ile.
Nilidhani inahusu riziki.

Mama yangu, Somoe binti Nalinga, ana miaka sabini na mitatu,
na kwake kiti ni cha mgeni.
Usichana wake maji yalikuwa bondeni:
unashuka na jogoo, unapanda jua liko utosini,
ndoo haijapungua hata kidole.
Sitasema uongo, magoti yake yanalia usiku,
mgongo umepindwa na jembe,
na sitaki kuigeuza taabu yake kuwa dawa yangu.
Ila alipoona vidonge vyangu mezani
akavihesabu kama anavyohesabu mbegu,
akasema: "Mwanangu, nilikusomesha ili ukae.
Sikusema ukae hivi."

Sasa daftari liko juu ya magunia matatu,
yamepandishwa hadi kifuani.
Naandika nimesimama. Siku ya kwanza
Mzee Mkwanda alishika mlango akaduwaa:
"Karani, unatoka? Turudi kesho?"
"Sitoki. Nipe kilo zako."
Saa sita nyayo zinawaka, naenda hadi kisimani na kurudi,
sina ndoo, watu wananitazama.

Jioni Chilumba ananifuata polepole, taa imewaka, injini inanung'unika:
"Bosi, nimekukosea nini?"
Namwambia hajanikosea. Haamini.
Ananisindikiza bure hadi mlangoni,
hatua mia sita, na siku hizi ni mia tisa,
maana napitia njia ya msikitini.

Vipimo? Vimeshuka kidogo. Nesi hajacheka bado.

Na kiti kipo, pale pale pembeni mwa ghala.
Kuku wa mlinzi amekitwaa, anaatamia mayai tisa,
macho nusu, mkaidi, hatikisiki.
Simfukuzi.
Yeye ana sababu ya kukaa.