Kabla Haijawa Njano Kabisa

Nyuma ya bani la tumbaku lililobomoka,
palipokuwa zizi la marehemu Mlekwa,
ndulele huota bila kualikwa.
Mbuzi hupapita upesi,
kama mtu apitaye mlangoni kwa mdai wake.

Mwaka juzi nilizichuma mbichi,
kijani, zenye michirizi kama tikiti la mwanasesere.
Nikatwanga, nikaloweka, nikanyunyizia kunde bondeni.
Vidukari (sie huku Sikonge twaviita mafuta)
vikaoga, vikaendelea kula.

Mwaka jana nikangoja mno.
Njano tupu, ngozi imesinyaa,
mbegu zinagonga ndani kama kokoto kibuyuni,
na ule ukali umekwenda, sijui wapi.
Nikakopa chupa ya sumu chama cha msingi.
Deni lingali daftarini,
mbele ya jina langu, Kalunde Mihayo,
kwa wino wa bluu.

Basi mwaka huu nimezikodolea macho kama maziwa jikoni.
Kila alfajiri, kabla ya kuteka maji, naminya moja.
Bado.
Napasua kwa wembe: mbegu nyeupe.
Bado.
Shija mwanangu anacheka: mama, tunda halina saa.
Saa linayo, namjibu. Kengele ndiyo halina.

Jumanne, upande wa jua ulikuwa njano,
upande wa kivuli kijani,
mbegu zimepata rangi ya chai hafifu.
Leo.

Na Jumanne hiyohiyo, jua halijapanda, ikaja habari:
Bibi Nyanzala hatunaye.
Nyanzala wa kisima kimoja nami,
aliyeniambia, ngozi huongopa, iulize mbegu.

Nilichuma kwanza. Semeni mtakavyo.
Ndoo mbili, miiba ikinichora mikono.
Nikatwanga, pua nimeifunga kwa kipande cha khanga,
nikafunika, nikanawa kwa majivu,
nikanawa tena,
nikaenda msibani.

Maji ya ndulele hayatoki kwa kunawa mara mbili.
Jishike jicho, utajua.
Nikakaa mkekani, viganja vimetazama juu,
machozi yakateremka yenyewe mpaka kidevuni,
yakaning'inia, yakadondoka,
sikuyagusa.

Mtu nyuma yangu akanong'ona:
mwoneni anavyomlilia, hata kufuta hafuti.

Nami nikalia kweli,
huku nikihesabu saa za kuloweka.