Mshale wa Ukumbi C

Nilifika Wrocław kwa treni ya alfajiri, Novemba,
nikavishwa kadi shingoni, jina limekosewa:
mimi Halszka, wao Haluszka;
mimi ninayelipwa kujua
namna zote ambazo watu hukosea kuandika.

Ninauza vitasa. Hapana, ninauza kuonekana kwa vitasa.
Mtu wa Poznań akivunjikiwa na kitasa usiku
huandika kwa kidole cha hasira,
hazitii herufi zetu mikia yake,
na lazima anikute juu, wa kwanza au wa pili.
Wa kumi na moja ni marehemu.

Tulikuwa mia mbili na arobaini,
mabingwa wa kufanya vitu vipatikane,
tukapotea wote katika korido moja ya hoteli.
Mshale ulisema Ukumbi C.
Mshale ulitupeleka jikoni.
Mpishi akatutazama, mwiko mkononi,
akatuelekeza kwa kidevu: kushoto, kisha ngazi.
Hiyo ndiyo mada iliyonifaa zaidi siku ile.

Ndani, Bwana Leszek Pruski alitamba jukwaani.
Grafu zake za mwaka juzi zilipanda, zikapanda tena,
hata moja haikuwahi kuteleza.
Alisema, "Maudhui bora." Tukaandika: maudhui bora.
Alisema, "Subira." Tukaandika: subira.
Kisha akauza programu yake, punguzo mwisho saa sita.
Debe lilivuma dakika hamsini,
maswali yakabakiziwa tatu.

Kahawa ilikuwa nzuri, sitamnyima mtu haki yake.
Na kwenye foleni ya kahawa, nyuma yangu,
kijana aitwaye Gniewomir, wa duka la majeneza la shangazi yake,
alininong'oneza jambo ambalo jukwaani halisemwi.

Jioni wakatugawia fomu ya maoni.
Niliandika sentensi moja:
Foleni ya kahawa iongezwe urefu.

Dobrochna, mwandalizi, alinipigia simu Januari.
"Ulikuwa unatania?"
Nilikuwa natania. Nikasema, "Hapana."

Mwaka wa pili wadhamini wanane walijitoa,
na hoteli ikajitoa nao.
Tukakutana katika jimu ya chuo cha maziwa,
harufu ya mpira na ya viatu vya watoto wa watu,
birika katikati, jukwaa hakuna.
Sharti lilikuwa moja: kila mtu aje na ukurasa wake uliokufa,
umechapwa kwenye karatasi, aukamate kwa mikono yake.
Tulikuja tisini. Wengine waliondoka kabla ya chakula,
wakidai warudishiwe nauli.

Gniewomir akasimama.
"Nilikosea mstari mmoja.
Niliuambia mtambo wa kutafuta: usiingie humu.
Nao ukatii.
Siku kumi na moja duka letu halikuwepo duniani.
Watu waliendelea kufa,
ila walizikwa na jirani."

Hakuna aliyecheka kwanza.
Kisha yeye mwenyewe akacheka, na jimu nzima ikafuata,
mpaka sauti ya kike kutoka nyuma ikauliza:
"Mstari gani?"
Akauandika ubaoni kwa chaki.
Nilisikia kalamu tisini zikifunguliwa.

Mtafutaji hachoki, husema waliotutangulia.
Wao hawakuwahi kulipwa kwa mwezi.

Mwaka huu Dobrochna amenikabidhi kalamu nene na kazi ya mishale.
Nimeanzia kituo cha tramu, nikajifanya mgeni,
nikasimama kila nilipojihisi mjinga,
na kila niliposimama nikabandika mshale.
Ishirini na tatu. Jina la kila mtu nimelikagua mara mbili,
mikia yote ipo.

Hata hivyo saa tatu na nusu
nimemkuta mtu kwenye chumba cha boila,
kikombe mkononi, koti la gharama.
"Ukumbi C?" ananiuliza Bwana Pruski.
"Hakuna tena Ukumbi C," namjibu.
Ananitazama, anatazama boila,
anaingiza mkono mfukoni, anatoa karatasi
iliyokunjwa mara nne, pembe zimechakaa.

Ni grafu.
Inashuka.