Jedwali la Marekebisho

Mtumba, saa mbili usiku. Upepo wa Julai
unasukuma vumbi jekundu chini ya mlango wa wizara,
nami Sechelela, mchapaji daraja la pili,
nangoja mwanasheria arudishe ukurasa wa tisa.
Pembeni ameandika kwa kalamu ya kijani:
"Wahamiaji haramu. Neno hili libaki?"

Haramu ni nyama ya kibudu.
Haramu ni pesa ya yatima mfukoni mwa baba mdogo.
Mtu aliyelala juu ya magunia ya mashudu
siku nne, akinyonya jasho la shati lake,
sijui nimpange fungu lipi.

Nilikuwa karani wa mahakama Kongwa mwaka ule
lori lilipoachwa Pandambili,
dereva katokomea kwenye mtama.
Vijana ishirini na saba chini ya turubai.
Wa kwanza kufika si polisi, ni Mwaja wa mgahawani
na sufuria ya uji, na ndoo ya maji yetu ya chumvichumvi.
Akalala rumande siku mbili kwa uji ule.
Hati ilisema: kuhifadhi.
Kwetu tunasema: kukaribisha.

Hakimu alikuwa na kesi kumi na nne,
mkalimani hakuwa ametumiwa nauli.
"Jina?"
"Handiso."
"Umetoka wapi?"
"Hosana."
Akaulizwa tena, polepole, kama anavyoulizwa kiziwi.
"Hosana. Hosana."
Askari mmoja akavua kofia.
Nami, kwa mwandiko wangu unaosifiwa, nikaandika:
Mshtakiwa anasali. Hakujibu swali.

Faini laki tano au mwaka mmoja.
Laki tano! Alikuwa na kandambili moja.

Mwaka ukaisha. Hakuna aliyeleta tiketi.
Ukaisha wa pili. Isanga wanahesabu vichwa kila jioni,
siku zilizozidi hazina daftari.
Nilimkuta nilipopeleka majalada,
anapogoa mizabibu, mkasi mkononi.
"Mbukwenyi!" akanisalimu, Kigogo cha kuchekesha.
Nikamuuliza lile swali la Kongwa.
Akachora chini: mlima, barabara, nukta.
Nukta ndiyo Hosana.
Mji. Una stendi. Mama yake anauza kahawa hapo.

Mama wa bibi yangu, njaa ya Mtunya,
alipelekwa Ukaguru mgongoni kwa kaka yake
akaachwa huko kwa debe la uwele.
Sisemi ilikuwa huruma. Debe ni debe.
Alichunga mbuzi wa watu hadi akaota matiti,
mvua ziliporudi wakamwonyesha njia.
Lakini hakuna aliyemwita kosa.

Mwanasheria amerudi, anafikicha macho.
Anasoma, nachapa:
mkalimani kwanza, ndipo shtaka;
mtoa maji asihesabiwe mhalifu;
anayepakia watu kama mashudu, huyo atafutwe;
kifungo kikiisha, kiishe.
Hapo akacheka: "Hivi hili nalo linahitaji sheria?"
Sikucheka.

Huenda kamati ikakata nusu. Rasimu ngapi nimeziona
zikirudi kama kuku aliyenyonyolewa.
Wapo wenye hofu, nami hofu yao siidharau:
kitanda cha wodi ya Mwaja kinalaliwa na wawili.
Ila foleni ya hospitali haifupishwi
kwa kumweka mtu gerezani bila tarehe.

Saa nne. Nimebaki peke yangu.
Kompyuta imepiga mstari mwekundu chini ya Handiso,
hailitambui. Inapendekeza: handaki.
Nabonyeza "ongeza".

Jalada la Kongwa limefungwa, siwezi kuligusa.
Ningeweza, ningefuta sentensi yangu moja.
Alijibu. Mara tatu alijibu.

Mlinzi anagonga dirisha:
dada, zima taa, umeme wa serikali huo.