Upindo

Sista Ornella alileta vazi lake la kitawa
nimpunguzie urefu. Umri ulikuwa unamfupisha
na kitambaa kimegoma kumfuata.
Nikiwa na pini tatu mdomoni
nikamuuliza kwa upande wa shavu:
kwenu "nakaa" mnasemaje?

Abito, akasema.
Na hiyo uliyoishika, nguo, nayo abito.

Nikatema pini.
Hapa Ngamiani, Barabara ya Kumi na Tatu,
tunapanga vyumba na tunashona magauni,
ila chumba hatujawahi kukivaa.
Akacheka. Nikaandika kwa chaki ya fundi
juu ya meza, kando ya vipimo vya Mama Kihiyo:
abito, abiti, abita.
Mimi, wewe, yeye, kila mtu na mkia wake.

Usiku umeme ulipokatika ndipo nikakumbuka
kwamba hata sisi. Mteja akijitazama kiooni
namwambia, imekukaa.
Au, begani haijakaa, vua niitoe kidogo.

Unakaa wapi? twaulizana sokoni Mgandini
huku tukibonyeza nyanya.
Kuishi tumemwachia Mungu na daktari.
Mume wangu aliishi nami miaka tisa;
kukaa, hakukaa.

Juzi Sista karudi na vazi lile lile.
Barua imetoka kwa wakubwa: arudi kwao,
nyumba ya watawa wazee, katika mji
aliowahi kuupita mara moja tu, kwa treni.
Miaka thelathini na minane zahanati ya Makorora.
Akanifundisha umbo jingine: abitavo.
Nilikuwa nakaa.
Akasema ni wakati uliopita
ambao hawaupigi fundo mwishoni.

Akapanda kigodani, mikono kando.
Nikampima upya, ingawa vipimo ninavyo.
Kule baridi, akasema, tia bitana.
Nikatia.
Na ndani ya upindo nikaacha inchi mbili,
zile tunazoachia watoto wa shule
kwa ajili ya mwaka ujao.
Harefuki tena, najua. Mkasi nilikuwa nao mkononi.
Sikukata.

Hakuuliza bei. Aliweka noti chini ya kopo la vifungo
akashuka ngazi kwa ubavu, kama kawaida yake.

Chaki imefifia, ya Mama Kihiyo nimeshaifuta.
Nikipiga pasi kwenye meza ile
kuna pembe moja
ninaizunguka.