Mlango wa Tatu

Ving'ora vya bwawa hulia mara tatu,
kisha una dakika kumi na mbili za kutoka majini.
Verna Stidham huzihesabu kwa mapigo ya moyo;
saa yake ilitumbukia mwaka juzi
na mto haujairudisha.

Miaka ishirini na sita anawaongoza wavuvi wageni
chini ya ukuta wa Pruett, milimani Tennessee,
pale maji ya kilindini yanapotokea
baridi kama komeo la Januari,
na trauti wananenepa mahali ambapo, kabla ya zege,
babu yake alivua kambare.

Juni hii wakaguzi wameona ufa.
Si mkubwa: kadi ya benki ingepita kwa shida.
Lakini uko kwenye mhimili wa mlango wa tatu,
na maili tisa chini yake kuna mji,
shule, kanisa la Wabaptisti, duka la matairi,
na mama yake Verna, ambaye husinzia redio ikisema.

Waliotuambia tuzibe ufa
hawakusema, tukiziba, maji yapite wapi.

Yanapita juu. Mlango wa kwanza, wa pili,
usiku na mchana, wiki ya nne sasa,
ili ziwa lishuke na mafundi wafikie chuma.
Maji ya juu, vuguvugu, yaliyoota jua,
yanaanguka, yanavunjika, yanameza hewa,
na hewa hiyo inaingia katika damu ya samaki
isipate mlango wa kutokea.

Verna anamnyanyua mmoja.
Jicho limetoka. Kwenye pezi, chini ya ngozi,
vipovu, safi, kama vya soda.

Mhandisi kijana, Teague, anashuka na kipimo chake.
"Mia na ishirini na nane," anasema.
Hasemi pole. Verna anamshukuru kwa hilo.
"Mngeweza kupunguza?"
"Tungeweza. Mlango ungesubiri mvua za Desemba."
Anautazama mto unavyoelekea mjini.
"Msisubiri," anasema Verna.

Usiku simu inalia.
"Mto unanguruma, Vernie. Nipande kilimani?"
"Lala, Mama. Ni matengenezo tu."

Ndoo iko miguuni pake.
Katika daftari la uzito na majigambo ya wageni
anaandika tarehe, halafu: arobaini na mmoja.
Anafikiri. Anafuta.
Kuna mmoja bado anafungua mdomo.