Boksi Chini ya Opel

Asubuhi ya kwanza, tone moja.
Tsiala alilifuta kwa soli ya kiatu, akaenda zake kazini.
Wiki ya tatu akapasua boksi la ndizi, akalitandika,
na kila alfajiri, kabla hata ya chai,
akawa anasoma kilichoandikwa usiku.

Nugzari wa ghorofa ya nne akainama, akanusa kidole.
"Sili ya nyuma hiyo. Gia boksi ishushwe. Lari mia sita."
Mia sita!
Kutaisi nzima imejaa mafundi wa kuinama.

Jumamosi, theluji ikichuruzika kwenye mabati,
akavaa koti kuukuu la kaka yake,
akaisugua injini kwa dizeli na mswaki,
akaipangusa ikatakata kama sinia la wageni,
akainyunyizia poda ya mtoto mchanga
akaiwasha.
Akasubiri, mikono kwapani.

Oili haipandi mlima, alijiambia.
Ionekanapo sipo itokapo.

Na kweli, juu kabisa, ukingoni mwa kifuniko cha vali,
weupe ukaanza kulowa mstari mwembamba,
taratibu, kama mtu anayekiri
baada ya wengine wote kusingiziwa.

Gasketi: lari kumi na nane.
Boliti nane, alizikaza kwa kupishanisha, bila hasira,
kidogo huku, kidogo kule,
kisha akachomoa kijiti, akakifuta, akapima tena.

Siku hizi boksi limelala chini ya gari la Nugzari.
Hajauliza nani kaliweka.
Kila asubuhi anainama,
ananusa kidole.